Kidonge cha Jioni

Jumapili, 16 Februari 2025

Mimi ni mke wa mtu! Naandika tena ili nione: mke wa mtu. Wiki nzima imepita na bado naiangalia hii pete kama niliyeiiba.

Chumba chetu hapa Kitale ni kimoja tu, vumbi la barabara linaingia dirishani, lakini kimejaa Jotham – shati lake mlangoni, simu za watu anazotengeneza mezani, kicheko chake kila mahali. Leo ameniletea mahamri bila sababu. Bila sababu yoyote!

Kwenye harusi alicheza mpaka shangazi zangu wakanyamaza. Walikuwa wanangoja aanguke. Mama alipojua kwamba Jotham ana sikoseli alilia siku nzima. Ati, Nyaruai, unataka kuwa mjane kabla hujazoea kuwa mke? Mwaka jana angekuwa na haki. Maumivu yalikuwa yakimshika kwenye mifupa hadi anauma shuka, kisha wodi, dripu, damu ya kuongezwa. Lakini tangu Novemba yuko kwenye majaribio ya dawa mpya, hapa hapa mjini. Tangu aanze hajalazwa tena. Najua wanasema ni majaribio tu. Mimi naona macho yake yalivyokuwa ya njano na yalivyo sasa. Meupe kama maziwa!

Alhamisi, 27 Februari

Leo kazini, pale duka la agrovet, tumeuza mbegu za mahindi mpaka mikono ikaniuma. Wakulima wote wa Trans-Nzoia wamekumbuka siku moja kwamba mvua inakuja. Mwenye duka amenitania, Bi harusi, mbona unampa mteja mbolea na huku unatabasamu ukutani?

Kitu kidogo. Kopo la dawa ya Jotham limeandikwa kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Cha asubuhi anakunywa mbele yangu, namshikia glasi. Cha jioni anakitia kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, anakiweka mfukoni. Nikauliza. Akanibusu kwenye paji la uso, akasema nitakuambia tukienda nyumbani.

Ana siri! Nampenda hata na siri zake.

Jumamosi, 15 Machi

Misikhu, kwa wakwe zangu. Ziara yangu ya kwanza kama mke.

Mama mkwe amenipokea kwa wimbo hadi majirani wakatoka. Akichangamka, ulimi wake hugeuza l kuwa r. Kura, mwana, kura, unakonda utafikiri Jotham anakufungia chakura! Hapa hakuna mtu anayepakua mwenyewe. Mama anagawa kila kitu kwa mkono wake. Kuku, ugali, hata chai – anainua vikombe viwili machoni, kama hakimu, avione vimelingana.

Wifi yangu Rosaline ana sikoseli pia. Ni mdogo wa Jotham kwa mwaka mmoja, mwembamba, mcheshi kupita kiasi. Ananiita mulamwa, yaani wifi kwa lugha yao, na kunikagua kucha. Mulamwa, mikono laini hivi, mahindi yetu utapalilia na nini, na midomo?

Baada ya kula Jotham akatoa kile kikopo, kimejaa vidonge vya mwezi mzima. Mama akakipokea kwa mikono miwili. Ndipo nikaambiwa. Rosaline naye alienda kuomba kuingia kwenye majaribio. Walimpima, wakamkataa. Ati figo hazikufaa. Mama alicheka kwa uchungu: figo! Mtoto anaugua damu, wao wanaangalia figo. Basi akafanya alivyofanya tangu wakiwa wadogo. Siku hizo hakuweza kuwapeleka wote wawili kliniki, anapeleka mmoja, wiki hii huyu, wiki ile yule, na dawa za mmoja wanakunywa wote. Ugonjwa ni ule ule, tumbo ni lile lile nililowazaa nalo, akasema. Niache mmoja apone mwingine akitazama?

Cha asubuhi cha Jotham. Cha jioni cha Rosaline.

Nilitokwa na machozi! Nimeolewa katika watu wanaopendana hivi. Rosaline alimeza, akatoa ulimi, akasema, haya, sasa nami nitafutieni bwana. Tulicheka sote.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemsindikiza Jotham kliniki. Nilivaa gauni la kijani, anapenda.

Muuguzi anaitwa Sally, Mkalenjin, mpole. Alitueleza upya kwa sababu mimi ni mgeni. Wagonjwa nusu wanapewa dawa yenyewe. Nusu nyingine wanapewa vidonge vinavyofanana kabisa lakini ndani hamna kitu. Hata yeye hajui nani anameza nini. Daktari hajui. Imefungiwa kwenye kompyuta mahali, na haifunguliwi ila mtu akiwa hatarini. Kwenye kadi ya Jotham kuna namba ya simu kwa ajili hiyo.

Nikauliza – nilidhani ni swali tu – mbona watu wengine wanakataliwa? Akasema, kwa usalama wao, mama. Mwenye figo dhaifu, dawa hii inaweza kummaliza. Hatubahatishi na hao.

Nikamtazama Jotham. Alikuwa anatazama kalenda ya ukutani.

Kisha Sally akamuuliza, kuna mtu mwingine amewahi kutumia vidonge vyako? Hata kimoja? Sema tu, hatugombani hapa.

Hapana, akasema. Kwa sauti ile ile anayoniambia ananipenda.

Jumatano, 2 Aprili

Tumegombana kwa mara ya kwanza. Nilisema, wewe ulijua. Akasema alijua walivyosema, lakini Rosaline ameanza Novemba kama yeye na hajalia usiku tangu hapo. Niamini karatasi au nimwamini dada yangu? Nikasema, basi acha. Akasema, wewe hujalala chumba kimoja na mtu anayelia hivyo, Nyaruai. Sisi tulikuwa tunapokezana.

Na wakijua watanitoa, akasema. Unataka nirudi nilipokuwa?

Sitaki. Ee Mungu, sitaki.

Ameahidi atamwambia Rosaline tutakapoenda Pasaka. Ana kwa ana, si kwa simu. Nimekubali. Amelala na mkono wake juu yangu, na mimi sijui mbona mkono ni mzito hivi.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Misikhu. Tumefika, Mama akakimbia kutupokea. Njoo uone! Dawa imemkubari! Amenenepa!

Rosaline alikuwa kwenye kochi. Uso umejaa, mashavu ya mviringo, macho yamebaki madogo. Miguu haiingii viatu vya kanisani. Mama anamgeuza kama mtu anayeonyesha gauni jipya. Tangu azaliwe sijaona mashavu kwa huyu mtoto!

Rosaline akaniambia polepole, mulamwa, kukojoa kumekataa. Tangu juzi.

Nilibonyeza mguu wake kwa kidole. Shimo likabaki.

Kanisani hatukwenda. Jotham alitafuta gari kwa jirani. Mama akapanda na nguo zake za Pasaka, anaendelea kusema, mbona hospitari na mtoto anapata mwiri? Tulipopita Webuye Rosaline alianza kutapika, na Mama akaacha kusema, akamkinga kwa leso yake ya Pasaka.

Jumatatu, 21 Aprili

Bungoma. Naandikia kwenye benchi nje ya wodi.

Daktari ni kijana, amechoka. Figo zimesimama, alisema. Akauliza amekuwa akitumia dawa gani. Zote, hata za kienyeji, sitamkasirikia mtu.

Mama alisema, Panadol. Ni Panadol tu.

Daktari akamgeukia Jotham. Mume wangu alifungua mdomo. Akaufunga. Mama alikuwa amemshika mkono wa shati, namna mtu anavyomshika mtoto barabarani.

Daktari akasema anamalizia wodi ya pili, atarudi kuamua matibabu.

Niliingia kwa Rosaline. Midomo imekauka. Nikamwambia, nitawaambia. Akatikisa kichwa. Usiseme, mulamwa. Watamtoa. Mimi nikienda, abaki mmoja mzima. Hata Mama atahitaji kubaki na mtu wa kumpakulia. Akajaribu kucheka, ikawa kikohozi.

Nimejaribu kuomba hapa na sijui niombe nini. Kama vidonge vilikuwa na dawa, basi Jotham wangu alikuwa anapona kweli, na Rosaline amekuwa akimeza sumu mbele yetu, sisi tunacheka. Kama vilikuwa vitupu, labda Rosaline ana nafasi – lakini basi Jotham hakupona kamwe. Alicheza harusini kwa matumaini tu, na maumivu yanamngoja mahali. Ombi langu lolote linaangukia mmoja wao.

Nilimwomba Jotham kadi. Nikasema, piga wewe, ni dada yako. Nilimpa simu, hakuishika. Lakini kadi aliitoa, akaiweka benchi kati yetu, akasimama akatoka nje. Sikumfuata. Namwona dirishani, ameegemea ukuta, ameshika goti lake la kushoto. Ni lile goti ambalo maumivu huanzia kila mara.

Nikapiga. Mwanamke alipokea upesi. Akauliza jina la mgonjwa. Nikasema Jotham, nikasoma namba ya kadi. Ni yeye amezidiwa? Nikasema hapana. Ni nani basi aliyekunywa? Dada yake. Tangu lini? Novemba. Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. Kisha akasema, mama, usitoke hapo ulipo, mwambie daktari wa wodi sasa hivi, sisi tunaifungua hiyo namba na daktari wetu atakupigia.

Nimemtuma muuguzi wa wodi kumwita daktari.

Mama alisikia yote. Hakunitukana. Alisogea hadi mwisho wa benchi, akachukua mkoba wake sakafuni, akauweka katikati yetu.

Goti. Bado analishika. Anachuchumaa sasa.

Simu inaita, ni wao. Mama hanitazami. Anasema polepole, usishike, mwana –