Jina la Mama Kwenye Kompyuta ya Wawi

Wawi, 4 Mei 2024

Mwanangu Zulekha,

Assalaam aleikum. Miye mzima, goti tu linalalamika kama kawaida yake. Weye na viyoyozi vya Maskati mwaendeleaje?

Sasa sikiliza. Kile kisanduku ulichonitilia sauti za marehemu mama yako hakifunguki tena. Naandika "mama" kama ulivyonifundisha, kompyuta inanambia mama hapatikani. Hilo nalijua, sikuhitaji kuambiwa na kompyuta. Intaneti nyengine yote inakwenda, hata taarabu zinalia. Nilishazoea kumsikia akieleza anavyopika bokoboko lake nikinywa chai, na wiki hii nakunywa kimya. Nisaidie.

Baba yako,
Nyange

Maskati, 5 Mei 2024

Baba yangu mpenzi,

Waaleikum salaam, na shikamoo. Miye sijambo, kazi tu zimenizidi. Goti ulikande kwa mafuta ya mkarafuu.

Kompyuta yako ya Linux ina faili linaloitwa resolv.conf. Humo imeandikwa namba ya pahala pa kuulizia kila jina, na jina la mama linajulikana na kisanduku chetu peke yake. Ile ruta mpya uliyofungiwa, kifaa cha kuletea intaneti, ikiwaka hutoa namba yake, na kompyuta huifuta ya kisanduku chetu bila ya kumuuliza mtu. Fungua faili, urudishe namba niliyoibandika chini ya kibodi.

Mwanao,
Zulekha

Wawi, 1 Juni 2024

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Nyumbani salama, goti bado lina kiburi.

Namba nimeirudisha mara nne. Mama yako anarudi, tunakaa naye wiki nzima, halafu Ijumaa nikitoka msikitini nakuta keshafutwa. Mlango nafunga mwenyewe na ufunguo natia mfukoni. Nimefanya kazi ya umeme miaka thelathini na mbili, leo nachezewa na kijifaili cha mistari miwili. Naogopa siku moja atafutika na asirudi.

Baba yako,
Nyange

Maskati, 2 Juni 2024

Baba,

Waaleikum salaam, shikamoo. Nambie kweli, Ijumaa ukitoka unazima swichi kubwa ya ukutani?

Najua jawabu. Nimecheka peke yangu hapa ofisini, kisha machozi yakanitoka. Ulikuwa ukituweka sote uani, wewe unarudi ndani kuzima nyumba nzima, hata tukenda harusi ya mlango wa tatu. Barafu za ukwaju za mama zikayeyuka, na yeye akakununia mpaka Isha.

Ukiwasha tena, ruta huamka na kompyuta huandika upya. Sikwambii uache. Fungua mipangilio ya NetworkManager, programu inayoandika faili lile, chini ya [main] uongeze dns=none, uiwashe upya, kisha uandike namba yetu mara ya mwisho. Faili litakuwa lako, halitaguswa.

Mwanao,
Zulekha

Wawi, 14 Septemba 2024

Mwanangu Zulekha,

Assalaam aleikum. Goti limetulia, alhamdulillah. Weye sijui, maana tangu Juni hukuandika, na miye sikuandika. Swichi nazima kama zamani na mama yako hafutiki. Nikaona hakuna kilichoharibika, basi nikuandikie nini?

Jana Bi Moza, jirani yetu, kaniuliza habari zako. Nikamjibu habari za kompyuta, mwanzo mpaka mwisho. Akanambia, "Nimekuulizia mwanao, Nyange." Nilitahayari.

Ukweli ni huu. Kila asubuhi mama yako ananieleza ngano ziroweke usiku kucha. Namjibu, naye anaendelea na nyama yake. Nilidhani nikimpata kila siku itanitosha. Kuna pahala anacheka, na nyuma yake wasikika weye, siku ile ulipokuwa ukimrikodi, ukicheka naye. Hapo sauti naizima, siwezi kusikiliza zaidi.

Nimekukumbuka, Zulekha. Nilikukumbuka hata nilipokuwa nikikuuliza habari za faili, sikujua tu pa kuanzia. Chumba chako nimekipiga chokaa. Njoo, na usije kutengeneza kitu.

Baba yako,
Nyange