Aliyetangaza Nyumba ya Mama Kulwa

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Kijiweni petu madalali mapema, nyuma ya soko. Chai ya rangi. Kiti kilekile chenye mguu mbovu. Nimepeleka wapangaji Igogo kuona vyumba viwili. Wamekikataa choo. Sikuwalaumu, nami nilikiona.

Mchana Mama Kulwa alinisubiri nje ya kanisa, si kijiweni. Mjane wa Kirumba, nyumba ya bati jekundu chini ya jiwe kubwa. Anaiuza. Karatasi zote zina jina lake; kiwanja alikinunua mwenyewe kwa biashara ya dagaa. Tatizo ni shemeji yake, Maganga, wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Anataka kumrithi mjane pamoja na nyumba. Akisikia inauzwa atapanda kivuko, atandike mkeka barazani, akae. Hakuna mnunuzi atakayemruka mtu mkekani. Karatasi haijawahi kumwondoa shemeji barazani.

"Mzee Pama," akasema, "jambo hili liishie kwetu wawili."

Nikaapa. Pama ni jina la kijiweni, kwa sababu ya kofia yangu ya pama, yenye ukingo mpana. Ni kofia nzuri kuliko kichwa kilichomo.

Jumatano, 4 Agosti

Nimempeleka mnunuzi Kirumba. Fundi cherehani, mtu mpole, anatafuta pa kuweka familia na mashine zake. Nilimwambia aende kama mteja wa dagaa. Mimi nikafuata baadaye, kama mpita njia. Nikazunguka nyumba. Nikatazama bati. Nikagonga ukuta. Ukuta umejibu vizuri, nami nikauambia hivyo.

Fundi ameipenda. Anaomba siku chache akamilishe mambo yake. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu. Nimejisifu njia nzima hadi nyumbani.

Ijumaa, 6 Agosti

Deusi, dalali mwenzangu, kaniuliza mbele za watu: "Pama, Kirumba kukoje siku hizi?" Halafu akatabasamu. Chai ikanipalia.

Nani kasema? Deusi alinifuata? Deusi hawezi kutembea bila viatu vyake kulia, ningemsikia. Fundi? Fundi ana mke, na mke wa fundi anashona na wanawake wa mji mzima. Mke wangu je? Juzi aliniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Akasema, "Usiponiambia nitajua tu." Wakati ule niliona ni utani.

Jumamosi, 7 Agosti

Maganga amefika. Kivuko cha asubuhi. Mkeka, bakora, chupa ya maziwa. Nilipita upande wa pili wa njia, akaniita: "Dalali! Karibu uangalie bati!" Wapangaji wa nyumba ya jirani wakacheka.

Bati. Anajua hata bati. Neno hilo sijalitamka popote.

Mama Kulwa alikuwa dirishani. Alinitazama kama mtu aliyekuta panya kwenye unga.

Kijiweni mambo mabaya zaidi. Kuna mwenye nyumba wa Nyakato niliyembembeleza tangu Pasaka. Nilipokaa, akainuka. "Yangu nitampa anayejua kufunga mdomo." Akahamia benchi la Deusi.

Siku hizi kila mtu dalali. Waliopunguzwa kazini, waliostaafu, hata kinyozi. Tunachouza ni kunyamaza tu. Kunyamaza kwangu sasa kuna tundu.

Jioni nimemshutumu mke wangu. Akacheka. Akaona sitanii. Akaacha kucheka. Ugali tumekula kila mtu na ukuta wake.

Jumapili, 8 Agosti

Nimemwendea fundi. Nimemuuliza kwa kuzunguka, lakini siyo kuzunguka kwa kutosha. Amekasirika. Anasema nyumba yenye maneno haitaki. Nimemwomba wiki moja. Amenipa kwa shingo upande.

Namshuku padri sasa. Alituona nje ya kanisa. Nimefika huko.

Jumanne, 10 Agosti

Mama Mariamu anakaanga maandazi mkabala na nyumba ya Mama Kulwa. Nikanunua, nikakaa, nikauliza kama aliona mtu akipeleleza wiki iliyopita.

"Nilimwona," akasema. "Ana kofia ya pama."

Nikaivua kofia, nikaiweka magotini.

"Mzee wangu, unamtafuta aliyesema? Wewe ukisimama mbele ya nyumba, mikono mgongoni, ukatazama bati, kisha ukagonga ukuta kama daktari anagonga kifua, tusubiri nini tena? Tangazo la redio?"

Akanionyesha watoto wanaocheza kando ya mtaro. Mmoja amevaa sufuria kichwani. Anagonga ukuta, anatikisa kichwa, anasema, "Umejibu vizuri." Wengine wanavunjika mbavu. Mchezo una jina. Unaitwa Pama.

Kwa hiyo hakuna aliyesema. Mtaa uliona, abiria wakavuka na habari hadi Kamanga. Nimemshuku kila mtu isipokuwa kofia.

Nimemwomba mke wangu radhi. Anasema radhi yangu ataisikia vizuri ikija na samaki, sato.

Alhamisi, 12 Agosti

Maganga bado mkekani. Nimefikiri siku mbili. Mdomo nikifungua, nitasema uongo. Basi nisifungue.

Leo nimevaa kofia mchana kweupe. Nimeanza nyumba ya kwanza ya mtaa ule. Nikasimama, mikono mgongoni. Nikatazama bati. Nikagonga. Nikatikisa kichwa. Nikaenda ya pili. Ya tatu. Nyumba ya mjumbe wa nyumba kumi nimeigonga pande zote nne. Ya Mama Kulwa nimeigonga kama zingine, wala si zaidi. Nimemaliza na banda la kuku.

Sikusema neno hata moja. Waliouliza niliwainulia kofia tu.

Nilipofika mwisho wa mtaa, nyuma yangu kulikuwa kunawaka. Wapangaji wanawakimbilia wenye nyumba. Wenye nyumba wanaapa kwa makaburi. Bibi mmoja amenirushia maji, sijui ya nini. Sikunusa.

Ijumaa, 13 Agosti

Mjumbe ameniita mbele ya watu. Maganga alikuwepo, na bakora yake.

"Nyumba yangu nimejenga kwa jasho! Nani kakwambia nauza?"

"Hakuna, mzee."

"Sasa unagonga nini?"

Nikainamisha kichwa.

"Huyu ametuchanganya mtaa mzima," mjumbe akasema. "Kuanzia leo, mkimwona amesimama mahali, jueni hakuna kitu. Ni kichaa cha njaa."

Watu wakacheka. Deusi alicheka kwa viatu na mdomo. Maganga alinitazama muda mrefu, kisha akamgeukia Mama Kulwa: "Shemeji, kumbe nimeacha ng'ombe wangu kwa ajili ya kichaa!" Akakunja mkeka. Kivuko cha jioni kimeondoka naye.

Kazi ya miaka kumi na nne imekwenda kwa kicheko kimoja. Imeniuma. Sitajifanya haikuuma.

Jumatatu, 16 Agosti

Wamekwenda kwa wakili, fundi na Mama Kulwa, kila mmoja kwa njia yake. Mimi nimebaki nyumbani. Kofia msumarini. Nimemenya viazi. Mke wangu anasema namenya vibaya, nusu ya kiazi naitupa.

Mchana fundi alipita mlangoni kwetu. Hakusimama. Alikohoa mara moja: imekwisha.

Jumapili, 29 Agosti

Kijiweni hawaniiti. Nyumba ya Nyakato kaiuza Deusi.

Baada ya kanisa nimetembea hadi Kiseke. Kichwa wazi, jua limenila vizuri. Kule bado ni mawe na nyasi, nyumba mojamoja. Mama Kulwa alikuwa nje ya nyumba yake mpya, ndogo, anaanika dagaa. Wanawe pacha wanakimbizana.

Aliniona. Jirani alikuwa amekaa mlangoni pake, anachambua mchicha, anatutazama. Mama Kulwa akainama, akaendelea kugeuza dagaa. Hakunisalimu. Nami sikumsalimu; jambo limeishia kwetu wawili.

Nikapita. Macho njiani, mikono mfukoni. Bati sikulitazama. Nimelisikia tu likilia kwa jua.