Liste Bila Sauti

Lukafu, tarehe 22/2/2009

Kwa binti yangu Abigaëlle,

Nakusalimia sana, weye na mama yako. Huku ku shamba niko muzima, ila mugongo yangu, yenye ilikaa miaka kumi na moja mu camion, lori ya mugodi, inakataa kabisa kujifunza jembe. Mahindi inaota. Miye bado. Telefone niliibadilisha na mbegu, na hata hivi réseau huku hakuna, kwa hiyo tuandikiane. Musonda, dereva wa lori ya mahindi, ndiye posta yetu. Umupe chai.

Sikiliza muzuri. Tangu bei ya shaba ilianguka na kampani ikafunga, tunangoja tu. Sasa nimesikia kama jeudi tarehe 5/3, nyuma ya habari ya mangaribi, batasoma ku télé liste ya bale benye kurudishwa ku kazi. Batasoma mara moja. Lundi tarehe 9, saa moja ya asubuyi, kila mwenye alisomwa ajionyeshe ku mulango wa kampani, njia ya Kinsevere. Mwenye kukosa, fasi yake inaenda kwa mwingine.

Unakumbuka jirani yetu André. Mwezi wa kwanza, ku liste ingine, alisikia jina yake ku télé, akaenda, balimuambia haiko, akarudi na kravati yake. Muntu bila kazi anasikia jina yake kila fasi. Basi weye usisikilize, rekodi. Ile ordinateur, kompyuta yenye muzungu wa bureau aliniachia siku alikimbia, ulisema iko na carte ya kushika télé na logiciel, programu ya kurekodi. Nataka liste yote mu CD, nisimame nayo mbele yabo. Nimechoka na kuitwa mukulima, binti yangu. Nataka kurudi ku nyumba.

Baba yako, Édouard

*

Lubumbashi, Katuba, tarehe 1/3/2009

Papa mupenzi,

Pole na mugongo. Mama anakusalimia na anauliza kama unakula. Barua yako ilifika, Musonda alikunywa chai kopo tatu.

Logiciel nimeijaribu. Mara ya kwanza nilichagua fasi mubaya, nikarekodi saa nzima ya giza. Mara ya pili nilipata misa, picha na sauti, safi kabisa. Shida iko ingine: Kambo Emery, mujomba wa mama, ametuacha jana. Alikuwa na miaka makumi tisa, Mungu amupumuzishe. Kilio iko kwetu, kwa sababu parsel yetu iko na kiwanja mukubwa. Tantine Albertine, binti yake, amefunika télé yetu na kitenge, na avenue yote bamezima zabo kwa heshima.

Nilimuambia ordinateur haiko télé. Akaniuliza, "Inaonyesha bantu?" Ndiyo. "Inaongea?" Ndiyo, tantine. "Basi iko télé yenye ilisoma masomo." Sijui nifanye nini, lakini nitafanya.

Mutoto yako, Abigaëlle

*

Lubumbashi, tarehe 6/3/2009

Papa,

Salamu ni fupi, Musonda anawasha moteur. Tuko bazima. Somo hii barua umeketi.

Tantine alikubali kwa masharti mbili: écran, kioo yake, ifunikwe, na sauti isitoke. Nikafunika, nikazima sauti. Haikumutosha. Nilipoenda kupokea jamaa ya Kalemie benye balifika na train, yeye akaenda nyuma ya machine, akaona kamba ndogo inatoka ku carte ya télé, akaing'oa, akaivaa ku mukono ili isipotee. Papa, ile kamba ndiyo inapeleka sauti mu ordinateur. Tuko na dakika kumi na saba za musomaji anafungua kinywa na kufunga. Hakuna hata neno moja.

Mama alilia kuliko vile alimulilia Kambo. Bantu balisema, "Muone vile alimupenda mujomba yake."

Nikakumbuka Mado, mushonaji wa avenue. Unajua hasikii tangu utoto, na ba-sœur ba kanisa balimufundisha kusoma Kifaransa pa midomo. Tantine akaanza tena kama hiyo iko kuangalia télé. Katekista akakata maneno: kintu chenye hakina sauti, na mwenye kukiangalia hasikii, hakiwezi kuvunja kilio. Mado akaketi, akasoma, miye nikaandika. Majina makumi tatu na nane. Yako, papa, iko ku dakika ya kumi na mbili, seconde arobaini na moja. Mama alipiga vigelegele mu kilio, kidogo batufukuze kwetu wenyewe.

CD iko na Musonda. Panda lori yake. Kuya huku.

Abigaëlle yako

*

Camp ya bafanyakazi, njia ya Kinsevere, tarehe 10/3/2009

Binti yangu,

Nakusalimia kutoka juu ya kitanda ya kampani. Nimefika, na nimeingia.

Sentinelle wa mulango aliangalia karatasi yake: Édouard haiko. Nikatoa CD. Balinipeleka kwa chef du personnel, mukubwa wa kuandika bafanyakazi, akaiweka mu ordinateur yake. Akauliza, "Sauti iko wapi?" Nikamujibu sauti iko ku kilio. Nikamupeleka ku seconde yenyewe. Akaangalia kinywa. Akarudisha, akaangalia tena. Akaita musaidizi, naye akaangalia, akaitika na kichwa polepole: "Ndiyo, chef. Édouard. Inaonekana kabisa." Akakuya wa tatu, akaona hata jina ya ukoo. Hakuna mwenye alitaka kuwa peke yake haoni. Chef akaniandika na kalamu ya bic chini ya liste.

Leo nimeendesha camion siku nzima. Nilikuwa ninaimba. Umushukuru Mado, nitamununulia kitambaa.

Baba yako

*

Lubumbashi, tarehe 15/3/2009

Papa,

Natumaini mugongo imepona na unalala muzuri. Mama naye anaimba, tangu asubuyi.

Jana Mado alikuya. Alifunga mulango, akalia, akaniandikia mu kaye, daftari yangu. Jina yako haikusomwa. Alisoma hadi mwisho, akaona mama anamuangalia, akashindwa kumuvunja roho. Ku ile seconde yenye alinionyesha, musomaji alikuwa anaomba maji.

Sikumukemea. Nilimukumbatia, tukalia wote wawili, kisha tukacheka hadi tantine akagonga mulango. Mama hajui, na hatajua kwangu.

Hii barua uichome mu mbabula ya makaa ukimaliza kuisoma. Na camion, papa, uiendeshe muzuri kuliko bale makumi tatu na saba bote benye balisomwa kweli. Usichelewe hata siku moja.

Mutoto yako, Abigaëlle