Rosa Hakuzaliwa Namboboto

Jumanne, tarehe 14 Aprili. Mawingu mazito tangu alfajiri, manyunyu, upepo kutoka upande wa Uganda.

Mama mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu mkono wangu haujawahi kukwama. Saa nne leo kikundi chetu cha akina mama wauza omena, dagaa wa ziwani, kinasajiliwa hapa Malaba, na kila mmoja atasimama mbele ya afisa ataje jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mimi ndiye katibu. Jina langu nimeliandika vizuri kwenye fomu, namba saba. Kulitamka ndiko kunakoniogopesha.

Wewe unajua. Ulinizaa njiani kule Namboboto, mvua ikikunyeshea, ukaniita Nafula, mtoto wa mvua. Halafu ulimi wangu ukalikataa. Shuleni, kanisani, zahanati, mtu akiuliza jina nilianza "Na... na... na...", nawe ukanimalizia: "Anaitwa Nafula." Ulisema haraka, umenishika bega, kabla mtu hajapata nafasi ya kucheka. Nilikupenda kwa hilo. Leo ndipo nimegundua kwamba sikuwahi kulimaliza mwenyewe mbele ya mgeni, hata siku moja.

Siku niliyokuja kuomba kibanda hukuwepo. Karani wa soko aliuliza jina bila kuinua macho.

"Na... na... na..."

"Na nani? Nimeuliza jina yako, mama, sio ya mwenye umekuja naye."

Foleni nzima ikacheka. Nikasema, "Rosa." Lilitoka lenyewe, bila kukwama, hata mimi nikashangaa. Nilidhani ni la siku ile tu. Limekuwa la miaka kumi na moja. Rosa huongea kidogo, hutingisha kichwa, husema koo linamuuma. Huandika kumbukumbu za mkutano akampa jirani yake Apolot azisome. Watu husema anajivuna. Niliwaacha waseme, maana kuitwa mwenye maringo kulinitia aibu kidogo kuliko kigugumizi.

Kisha ukaja ile Ijumaa na mfuko wa viazi vitamu, bila kunijulisha. Ulipita kibanda hadi kibanda ukiuliza, "Nafula anauzia wapi?" Wakakujibu hakuna Nafula hapa. Nilikuwa karibu, napima omena kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na nilikusikia. Hilo sijawahi kukuambia. Nilikusikia, nikainamia karai, kwa sababu mteja alikuwa mbele yangu akiniita Rosa.

Ulizunguka mpaka ukaniona. Ukanywa chai, ukasikia ninavyoitwa. Ni wakati unapanda boda ndipo uliposema, polepole, "Huyo Rosa, mwambie nimemsalimu."

Mwaka uliofuata tulikuzika.

Sasa ni saa tatu. Naogopa watacheka. Naogopa zaidi wataniita mwongo, kwamba aliyedanganya jina atashindwaje kudanganya kipimo. Na naogopa kwamba nitasema Rosa tena bila kukusudia. Nimefikiria kumtuma Apolot aseme ninaumwa. Lakini nimeshavaa viatu.

Saa kumi na mbili jioni. Mvua imekatika.

"Namba saba," afisa aliita. Ni msichana tu, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Nilisimama nikishikilia kiti cha mbele yangu.

"Na... na... na..."

"Na nani, mama?"

Hakuwa na ubaya, kalamu yake ilikuwa inangoja. Lakini lilikuwa neno lile lile. Rosa alishafika mdomoni. Bega langu lilisubiri mkono wako, Mama, na mkono haukuja. Nikafunga mdomo, nikapumua, nikaanza tena, nikakwama tena. Mtu akacheka nyuma.

"Nafula," nikasema. Halafu, kwa kukatakata, nikaongeza kwamba nina kigugumizi, na kwamba Rosa nilijipa mwenyewe kwa woga.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Brayo, muuza omena mwenzetu, ndiye aliyeongea kwanza. "Kumbe miaka yote tunakunywa chai na mtu hatujui."

"Na wewe Mama Brayo," Apolot akamjibu, "jina yako yenyewe nani anaijua hapa?"

Wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Ila mwenyekiti hakucheka. Alisema, "Hii maneno tutaikalia Alhamisi. Katibu ni mtu wa kuaminiwa." Ana haki. Wanaweza kuninyang'anya daftari. Nitakwenda, na kumbukumbu za leo nitazisoma mwenyewe, hata zikichukua asubuhi nzima.

Kuna jambo moja tena. Nilipokuwa nafunga kibanda mtu aliita nyuma yangu, "Nafula!" Sikugeuka. Likaitwa tena, na moyo ukanilipuka, kwa sababu sokoni hapa ni wewe peke yako uliyewahi kuliita. Niligeuka nikitafuta mfuko wa viazi. Alikuwa Apolot, ameshika mwavuli niliousahau kwenye mkutano.

"Nimekuita mara mbili," alisema. "Itabidi uzoee."

Bado naogopa, Mama. Naogopa Alhamisi, naogopa kila atakayeuliza jina kuanzia kesho. Lakini salamu zako nimezifikisha. Rosa amezipokea, na ameondoka.

Lala salama huko Namboboto.

Mwanao wa mvua,
Nafula

Saa tatu na robo usiku. Nazima taa.