Nyota Nyekundu za Padiri

Dada Furaha mupenzi,

Mimi ndiye mutu wa kwanza wa Kamituga kushika nyota na mikono! Cheka, lakini soma. Hapa Bukavu Padiri, mwenye anachunguzaka nyota, iko na vioo viwili vya fotografi, na ndani yake nyota maelfu zimekusanyika kama nyuki. Kioo kimoja kilishika za bluu, kingine nyekundu. Kumbe nyota ziko na rangi, dada! Padiri anahesabu ili ajue kama nyekundu zinajaa katikati kuliko za bluu. Nikamuambia, "Zile nzito zinashuka katikati, Padiri, kama zahabu mu karai." Akashituka: "Nani alikufundisha?" "Papa, tukiosha zahabu kule mutoni." Pale pale akaniahidi kazi ya kuhesabu pamoja naye.

Lakini katikati ya kioo cha nyekundu kulikuwa doa jeusi tu. Nikafikiri ni uchafu umefunika nyota. Leo asubuhi, Padiri akiwa kwenye misa, nikakisugua na maji na muchanga, vile tunasafishaka zahabu.

Umubusie mama. Papa usimuambie kitu: kumbe lile doa jeusi lilikuwa nyota zenyewe, zimesongamana. Sasa kioo kinang'aa sana, na nyota nyekundu haikubaki hata moja.

Kaka yako wa Bukavu