Injini Haikufa, Mjomba

Nyumbani kwa Mama Everlyne,
Kiminini, Kitale.
Alhamisi, 6 Machi 2025.

Mpendwa Mjomba Wakhungu,

Ninakuandikia kudai ahadi. Gari lako limepona. Linanguruma hapa uani ninapoandika, na kwa hivyo ile nafasi iliyo mbele ya duka lako pale Chwele sasa ni gereji yangu. Nimeona vyema kulitamka jambo hili mapema, ili usome salamu ukiwa umekwisha kuketi.

Hujambo lakini, Mjomba? Je, goti limepata nafuu? Mkaza mjomba Agneta naye anaendeleaje na kuku wake? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Shamba limekwisha kulimwa, mbegu ziko ndani ya nyumba, na Mama hutoka nje kila asubuhi kuutazama Mlima Elgon kana kwamba mvua ina deni lake.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Unakumbuka ilivyokuwa Krismasi. Gari lilifika hapa likitetemeka kama mgonjwa wa malaria kila liliposimama, na chini yake kitu kikigonga kwa kishindo hata mbuzi wakakata kamba. Mafundi wawili walilitazama na kukuambia injini imekwisha. Ukaamua wanunuzi wa vyuma chakavu waje kulikatakata mwisho wa mwezi huu. Nilipoomba nilichunguze kwanza, ulinijibu mbele ya ukoo wote: "Ati digrii ya injini! Haya bana, profesa. Likifika Chwele kwa nguvu zake, ile nafasi mbele ya duka ni yako, fungua gereji. Likifika likivutwa kwa kamba, nenda ukafundishe hesabu kama wenzako."

Watu walicheka sana. Nami nilicheka kwa adabu. Lakini ukweli ni kwamba tangu nihitimu nimepeleka maombi ya kazi kila mahali, na kila mahali wameniahidi kunipigia simu. Kwa hiyo maneno uliyoyasema kwa utani, mimi niliyapokea kama mlango uliofunguliwa.

Nilimwendea Ndirangu, yule mwenye gereji hapa Kiminini, nikamwomba anisaidie kwa vifaa. Alikuja, akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni, akasikiliza kama daktari, kisha akatikisa kichwa. "Graduate, hapa tafuta jeneza tu. Hiyo ni beringi za chini zimeisha. Hata ukiiongelesha Kiingereza haitaamka."

Nilimheshimu, kwa kuwa ana uzoefu, na kwa kweli mlio ulifanana na alichokisema. Hata hivyo, jambo moja lilinikera. Beringi zilizokwisha hugonga zaidi unapokanyaga mafuta na gari likibeba mzigo. Gari lako lilifanya kinyume. Nilipokanyaga, kishindo kilipotea. Nilipoachilia, injini ikaanza tena kutetemeka na kishindo kikarudi. Nikamwaga oili ndani ya karai safi na kuichuja kwa kitambaa. Haikuwa na chembe hata moja ya chuma. Mjomba, injini inayojisaga haiwezi kuwa na oili kama ile.

Ndipo nikaacha kuuliza ni nini kinachogonga, nikauliza kwa nini injini inatetemeka. Nikakumbuka ulivyokuwa ukilalamika kwamba breki zimekuwa ngumu, unakanyaga kwa miguu miwili. Breki za gari lako husaidiwa na injini kupitia paipu moja nene ya mpira. Niliifuata paipu hiyo kwa kidole hadi nyuma, mahali pasipoonekana, nikaikuta imepasuka na kufungwa kwa blada, kile kipande cha tyubu ya baiskeli ambacho sisi hufungia kila kitu, kuanzia mzigo wa bodaboda hadi mguu wa kitanda. Blada ilikuwa imekauka na kupasuka nayo. Nilipomwagia maji kidogo pale, mtetemeko ulipungua, kisha maji yalipokwisha ukarudi. Injini ilikuwa ikivuta hewa isiyopimwa kupitia tundu hilo. Nikaweka paipu mpya. Mngurumo ukatulia, na breki zikawa laini papo hapo.

Lakini kishindo hakikuisha kabisa. Kilikuwa kimepungua tu, kikigonga mara moja moja. Ndirangu aliketi juu ya gurudumu akaniambia, "Si nilikuambia? Umeosha maiti uso."

Nikamwomba jeki. Nikaweka ubao mnene chini ya injini, nikaiinua polepole huku ikinguruma. Ilipopanda kiasi cha unene wa kidole tu, Mjomba, palikuwa kimya! Nikaishusha, ikagonga. Nikaiinua, kimya. Ndirangu aliinuka kwenye gurudumu, akalala chali chini ya gari kuangalia mwenyewe. Nilimsikia akicheka kule chini hadi akakohoa.

Mahali pa ule mpira unaobeba injini upande wa kushoto, palikuwa na vipande vya tairi vilivyokatwa kwa kisu, na kimojawapo ni soli ya akala, vile viatu vya tairi, ikiwa na tundu la ukanda! "Huyu mjomba wako," akasema Ndirangu, "amevalisha injini viatu!" Soli ilikuwa imelika, injini ikalala, na kila ilipotetemeka ikagonga chuma cha chini. Kwa heshima, sitauliza ni nani aliyeikata akala hiyo. Nitasema tu kwamba aliyefanya hivyo alifika nyumbani siku ile mpira ulipokatika, na hilo nalo ni ufundi.

Tuliweka mpira halisi. Jumanne nilipanda hadi Kitale, nikapakia mbolea ya kupandia ya majirani, nikarudi nayo. Gari liliposimama penye taa, majirani wawili niliowabeba walidhani limezimika, kwa jinsi lilivyotulia. Ndirangu mwenyewe sasa ananiita "Injinia" mbele ya wateja wake, na amesema nikikwama Chwele nimpigie simu. Nimemwambia na yeye akikwama anipigie.

Uliponipa fahali wakati wa tohara yangu, ulisema neno la mjomba halirudi nyuma. Ninalitegemea neno hilo. Sikuombi msaada, Mjomba. Ninaomba nafasi niliyojishindia, na ninakuahidi kwamba hutaona haya kuniona nikifanya kazi mbele ya duka lako.

Mfikishie salamu mkaza mjomba Agneta, na binamu yangu Nasike huko Mabanga, umwambie aache kunicheka. Mama anakusalimu sana. Mwenyezi Mungu aibariki kazi ya mikono yako na aliweke imara goti lako.

Waambie wale wanunuzi wa vyuma watafute gari lingine. Mimi na Mama tutapitia Kamukuywa na Kimilili, tuwe mbele ya duka lako Jumamosi, tarehe 15 Machi, saa nne asubuhi. Tafadhali ondoa yale magunia ya mkaa mapema, kwa kuwa nitaegesha papo hapo.

Mpwa wako akupendaye kwa dhati,

Tonny Mukhwana