Mkono wa Mama Uliokataa Chanjo ya Ndui

Mpendwa Mshauri,

Juzi Jumamosi Gatimu, mchanjaji wetu wa hapa Giakanja, alisimama kwenye baraza la chifu akasema kuna mtu aliyeleta mbuzi kutoka Doldol, naye amelazwa akiwa na upele mwili mzima, na kwamba kila mtu autazame mkono wake aone kama chanjo ya ndui ya mwezi uliopita ilishika, na watu wakakunja mikono ya shati wakaonyeshana makovu wakicheka, lakini mimi niliondoka kabla baraza halijaisha, na ndiyo sababu naomba msaada wako kabla hofu haijanimaliza.

Mama yangu anakaribia miaka sabini. Baba alifariki Agosti, na tangu tumzike mama hali chakula, akipewa uji anaushika mpaka unapoa, usingizi hapati, shamba lake la viazi vitamu limeota magugu na mvua ya njahi, ile ya masika, iko karibu, na hata kopo lake la tumbako ya kunusa, ambalo sijawahi kuona akiliacha tangu nizaliwe, limekaa dirishani mpaka kifuniko kimeshika kutu.

Gatimu alituchanja sote nyumbani akasema atarudi siku ya saba kusoma mikono. Wangu ulivimba ukatoa lengelenge, ya watoto wangu vivyo hivyo, wa mama haukutoa kitu, hata wekundu. Wakonyo, mke wa kaka yangu, aliutazama akasema, "Ati haijashika? Basi hiyo mkono imejua. Mwili ikishakufa ndani haishiki dawa." Nilimkemea, lakini neno liliniingia. Nikamwambia mama tutamwomba Gatimu arudie, akanijibu bila kugeuka, "Watiri, wacha kijana wa watu aende. Mkono haukatai peke yake. Ni mimi nimekataa."

Sasa naungama. Siku ya saba mama hakutoka nje, na Gatimu alikuwa na haraka, akaniuliza langoni juu ya nyanya wa nyumba, "Na ya cucu?" Nikasema imeshika. Akacheka, "Cucu ako na damu ya msichana!" Akaandika kwa kitabu akaenda zake. Nilidanganya kwa kuwa niliogopa naye atasema alivyosema Wakonyo, na sijamwambia mtu. Na kaka yangu Muriithi ndiye huleta mbuzi kutoka Doldol, anarudi nyumbani tarehe 28 mwezi huu, na babu yangu, baba yake mama, alikuwa wa rika la Ndungu, rika lililopewa jina la ndui yenyewe, uso wake ulikuwa mashimo matupu, na mama alikua akisimuliwa jinsi wagonjwa walivyoachwa vichakani, kwa hiyo anajua anachokikataa. Je, huzuni inaweza kufunga mkono wa mtu? Nikisema ukweli nitashtakiwa? Na akichanjwa tena na uzee ule, hatakufa?

Watiri, Giakanja
2 Machi 1970

Dada Watiri,

Nianze na habari, maana umesikia nusu yake tu. Afisa wa afya aliniambia kwa simu jana Alhamisi, saa kumi alasiri, kwamba mgonjwa aliyetoka Doldol ametengwa peke yake na maji ya upele wake yamepelekwa kupimwa. Huenda ni tetekuwanga. Huenda ni ndui. Majibu hayajarudi, na hakuna anayejua, Wakonyo akiwemo.

Nilimpelekea daktari maswali yako. Alisema mwili wa mzee huijibu chanjo polepole, na mara nyingine haujibu. Mtu aliyezama katika huzuni, asiyekula wala kulala, anaweza kupungukiwa nguvu zaidi; ni kwa kiasi gani, alisema, bado haijulikani. Lakini kuna sababu nyingine. Kama mama alichanjwa zamani, kinga ya kale inaweza kuzuia lengelenge. Tena dawa yenyewe huharibika kwa joto njiani. Mikono isiyotoa lengelenge, kwa sababu yoyote ile, hufanana kwa macho. Hakuna hata mmoja unaosema kwamba mwenyewe amekufa ndani.

Kurudia ni jambo la kawaida, hata kwa wazee. Akiwa na homa, au ugonjwa wa ngozi kama ukurutu, mwambieni mchanjaji kabla hajagusa mkono.

Ulipokosea ni langoni. Naielewa hofu yako, lakini leo kitabu cha Gatimu kinasema mama yako amekingwa, na ndui haisomi kitabu. Ulimficha mchanjaji jambo moja alilokuja kuuliza. Hutashtakiwa. Utafokewa, na utanyamaza ufokewe.

Kuhusu maneno ya mama, wewe uliyasikia kama hukumu. Mimi nayasoma kama mgonjwa anayetaja ugonjwa wake. Miezi saba bila kula wala kulala ni ugonjwa, na daktari ataelezwa hivyo, kwa maneno hayo hayo, pamoja na habari ya lile kopo la tumbako. Usimbembeleze kwa "jikaze". Mpe uji kidogo kidogo mara nyingi, ukae naye mpaka aumalize. Asubuhi mtoe mpaka kwenye viazi vyake, hata kama atasimama tu akuone unavyolima vibaya. Wakonyo akitaka kusema neno juu ya mkono ule, mpe jembe.

Mwandikie Muriithi leo, barua iende na wafanyabiashara wenzake. Asiingie nyumbani tarehe 28 kabla ya kupita kwa Gatimu na kumwonyesha mkono wake.

Wewe na mama mfike zahanati arudiwe chanjo Jumatatu tarehe 9 Machi, saa mbili asubuhi. Akikataa kutoka, nenda peke yako, useme ukweli, umwombe Gatimu aje nyumbani siku hiyo hiyo. Siku ya saba itakuwa Jumatatu tarehe 16. Siku hiyo mkono wa mama yako usomwe na Gatimu, shuka aliyojitanda ikiwa imeinuliwa, nawe usimjibie.